Mama Nami Tumechaguliwa Chuo Kimoja

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada, ingawa nusu ya mzigo nimeshautua. Mama yangu ni fundi wa kushona sare za shule, aliacha masomo akiwa na mimba yangu, na miaka hii ya karibuni alirudi kusoma jioni, mchana cherehani, jioni vitabu, nami nikimwonea fahari, hadi majibu ya chuo yalipotoka tukakuta tumechaguliwa wote wawili, chuo kimoja cha uuguzi, darasa moja, na kabla sijashusha pumzi Mama akasema tutapanga chumba kimoja tusaidiane.

Mshauri, nilikosa raha. Nilijiona niko chuoni naamshwa alfajiri, naulizwa nimekula nini, rafiki zangu wakija wanakaa kama wako kikaoni, lakini ningesemaje, mtu aliyeacha shule kwa ajili yangu nimwambie asinikaribie? Nilipomdokezea mama mdogo alinikata kauli, "Ukimkataa mama yako, hiyo elimu haitakufaa." Chakula kikawa hakipiti, nikawa natafuta kimyakimya chuo kingine cha mbali.

Jumamosi Mama alikuwa anashona pazia la hicho chumba chetu, pini mdomoni, akaniuliza napenda pindo pana au jembamba, machozi yakanitoka, nikasema, "Mama, mimi sitaki tukae chumba kimoja." Akatoa pini moja moja akaziweka mezani, nikajua leo nimemvunja moyo, kumbe anacheka, anacheka mpaka akaegemea cherehani. "Mwanangu, wewe unakoroma. Mimi nilishaomba bweni la wanawake watu wazima, nikaghairi kwa kuogopa utaona nimekutupa." Siku hiyo nilikula nikaongeza.

Sasa limebaki moja. Anasema darasani nimwite kwa jina lake, watu wasijue, nisije nikachekwa kwa kusoma na mama. Ulimi hautaki, lakini kusema kweli kuchekwa naogopa. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi, marahaba. Pole, na nikugombeze kidogo. Umeshinda na njaa kwa jambo lililokwisha kwa sentensi moja. Mficha uchi hazai, na wewe na mama yako mlikuwa mnafichana jambo lilelile. Mama mdogo naye mwambie kwa adabu kwamba kutaka chumba chako si kumkataa mzazi.

Mama apeleke upya ombi lake la bweni kesho, kabla nafasi hazijajaa. Wewe tafuta wa kukaa naye, na hilo la kukoroma umwambie mapema. Darasani kaeni mbalimbali. Notisi andika mwenyewe, nguo zako fua mwenyewe. Huyo sasa ni mwanafunzi kama wewe, ana mitihani yake. Na iko siku atakupita alama. Mpongeze, ukitaka kulia kalie chumbani kwako, kisha urudi kwenye kitabu.

Kuhusu jina, hapana. Mwite Mama, kwa sauti ile ile ya nyumbani. Wa kucheka watacheka siku mbili, ya tatu watakuwa wanamfuata awashonee vifungo. Anachoogopa mama yako si kicheko cha watu, mwanangu. Anaogopa utamwonea haya, na hofu hiyo hakuna wa kumtoa ila wewe. Siku ya kwanza, mkufunzi akiuliza kama kuna wanaofahamiana humo darasani, usimwangalie mama yako ajibu. Simama wewe, useme huyu ni mama yangu.