Kwa Mama Fumua, Mwalimu Aliyeikalia Mikono Yake

Mama, mwaka umetimia tangu utuage, na nyumba yako bado haijatulia. Mzee wako anakitoa kiti sebuleni na kukipeleka kibarazani, kisha anakirudisha sebuleni. Mwanao fundi magari anapita kila jioni akitoka gereji, anadai amekuja kuangalia bomba la maji, na bomba lenyewe ni zima. Lakini anayetuhangaisha zaidi ni kifungua mimba wako, dada yetu, aliyerithi darasa lako.

Wengi wanaosoma hapa gazetini walipita mikononi mwako pale chuo cha ufundi, kwenye chumba cha vyerehani kilichopakana na stoo. Wanakumbuka ulivyoingia asubuhi na futi shingoni, ukamuuliza kila mmoja habari za nyumbani, ukasubiri jibu. Wanakumbuka pia ulivyolipata jina. Mtu akileta shati lenye mkono uliopinda, uliligeuza, ukalitazama, ukamrudishia na neno moja tu: "Fumua." Hukukemea. Hukucheka pia, hata siku ile mmoja alipoishona suruali yake pamoja na kitambaa cha meza. Wapo walioondoka wakilia na kuapa hawarudi. Kiti cha aliyekata tamaa hukuruhusu mtu mwingine akikalie, na baada ya siku kadhaa mwenyewe alionekana mlangoni.

Sisi wa nyumbani tulikujua kwa sufuria. Ukirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu, ulizishika na kuzisugua, chafu na safi, kana kwamba zimekukosea. Tulidhani unapenda usafi kupita kiasi. Kitinda mimba wako alikuwa akisema iko siku utazitoboa.

Ulipoondoka, mkuu wa chuo alimwomba Dada ashike nafasi yako. Alifunga duka lake la ushonaji, lenye wateja wa kutosha, akaenda. Unamjua binti yako, mikono yake ni miepesi na hana muda na mzembe. Kila alipoona kola imekwenda upande alisema, "Lete hapa," akaimaliza yeye. Hakutaka mtu aseme kwamba baada yako mambo yameharibika. Kazi za darasa zikapendeza, wageni wakasifu, naye akatembea kifua mbele.

Kisha ukaja mtihani. Mkaguzi alimtoa mwalimu nje, na ndani wanafunzi wakabaki wanazitazama kola. Karibu wote walikwama hapo. Aliyeumia zaidi ni mwanafunzi wako yule dobi, mtu mzima aliyenyoosha nguo za watu maisha yake yote na kutamani kushona ya kwake. Wewe ulikuwa ukituambia, "Huyu mikono yake mizito, ila ataelewa. Anataka muda tu." Alipotoka alimkuta Dada mlangoni, akamwambia bila hasira, "Mwalimu, mimi kola sijawahi kuimaliza hata siku moja. Ulikuwa unanimalizia."

Dada alirudi nyumbani, hakula. Aliizunguka meza mpaka kitinda mimba akamwomba akae, maana alikuwa anamtia kizunguzungu. Akatutangazia kwamba wamepewa nafasi ya kurudia mtihani, na dobi akishindwa tena, yeye anarudi dukani kwake, darasa apewe mwingine au lifungwe.

"Mimi siyo Mama," alisema. "Mama alizaliwa na subira yake. Mimi sina, na haiuzwi sokoni."

Hapo mzee wako akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Subira? Nani, mke wangu? Yule hakuweza kungoja chai ipoe. Mnadhani zile sufuria alikuwa anazisugulia nini? Kutwa nzima anaangalia watu wanaharibu vitambaa, na yeye kaikalia mikono. Kaikalia kweli, nawaambieni, chini ya mapaja, pale kitini. Akifika hapa inamwasha."

Mama, tumeishi nawe miaka yote hiyo na hatukujua. Tulikusifu kwa utulivu ambao hukuwa nao, na kazi uliyoifanya kweli, ya kujizuia kila siku, tukaipita bila kuiona. Imetuuma. Imetufanya pia tukupende upya, maana sasa tunajua ilikugharimu nini.

Kesho yake Dada alikaa mbele ya darasa, akaikalia mikono yake. Dobi akaiweka kola kichwa chini miguu juu. Akashona, akagundua, akafumua. Akaiweka sawa, akashona, ncha zikakataa, akafumua tena. Dada anasema jasho lilimtiririka mgongoni, na kuna wakati alikuwa keshanyanyuka, akajirudisha kitini kwa nguvu. Kengele ililia kola ikiwa bado vipande. Dobi akakusanya vitu vyake polepole.

"Nimeona ninapokosea," akamwambia. "Ni pale kwenye kona, nakivuta sana kitambaa. Kesho naanzia hapo."

Jioni ile Dada alikula, tena akiwa amesimama. "Nilijua ni kwenye kona," alituambia. "Tangu siku ya kwanza nilijua. Ila leo kajua yeye."

Mwanao fundi magari akamuuliza, "Na akishindwa tena?"

"Akishindwa tutaanza upya. Siendi popote."

Mtihani wa marudio ni wiki hii, Mama. Hatujui utakwendaje, na hatuwezi kujifanya tumetulia. Tunakuomba utuelewe.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mzee wako, wanao, wakwe zako, wajukuu wako, dada zako, walimu wenzako na wote uliowafundisha. Kifungua mimba wako hatukumwonyesha maneno haya kabla hayajatoka, maana angetunyang'anya kalamu kwenye mstari wa kwanza. Tulipokuwa tunayaandika alikuwa chumba cha pili, tukimsikia anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi. Hakuingia.

Hatutachoka kukukumbuka.