Kinyozi Afaulu Fasihi

Nyumba ya kona, chumba cha nyuma ya saluni,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Februari.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima, mnatangaziwa wewe, shemeji na majirani zenu wote wanaoelewa Kiswahili, kwamba kuanzia Alhamisi iliyopita hakuna mtu katika nyumba hii anayeruhusiwa kusema "chai imepoa" kabla ya kueleza kama anasema kwa dhati au kwa kinaya. Amri imetolewa na mimi mdogo wako. Hadi sasa mama watoto ameivunja mara nne.

Nimeanza vibaya, najua. Nimeingia ndani kabla ya kukusalimu. Hujambo, Dada? Mgongo unaendeleaje, na ile baridi uliyosema inakuingia hadi kwenye meno? Wapwa wangu je, bado wanarefuka au wameridhika? Sisi huku wazima. Mama anatembea mwenyewe hadi dukani na kurudi akimlalamikia kila mtu aliyekutana naye njiani, kwa hiyo afya yake haina shaka. Mimi nimeongezeka kiuno na kupungukiwa nywele, na wateja wameanza kuniuliza ni nani aliyeninyoa.

Sasa habari yenyewe. Nimefaulu mtihani wa Kiswahili! Mimi, yule yule aliyeanguka karatasi ya fasihi akiwa na miaka kumi na minane, akaanguka tena mwaka juzi akiwa na hamsini kasoro mbili. Safari hii nimepata B. Mama watoto ameibandika karatasi ya matokeo kwenye kioo kikubwa cha saluni, kiasi kwamba mteja akitaka kutazama kisogo chake lazima kwanza asome alama zangu.

Unakumbuka kwa nini nilihangaika. Chuo cha ufundi kinafungua darasa la unyozi, na mkuu wa chuo alinitaka mimi nikafundishe. Mikono yangu aliikubali siku ya kwanza. Cheti ndicho kilichonikwamisha: kilikuwa na masomo yote isipokuwa Kiswahili, na bila Kiswahili hakuna kuajiriwa. Akaniambia nafasi ataishikilia hadi matokeo yatoke, basi, baada ya hapo anamchukua mwingine. Kwa umri huu, Dada, mwingine akishachukuliwa ndio imetoka.

Walionifundisha ni wengi, lakini mkubwa wao ni mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu. Mtaani tunamwita Chaki, kwa sababu hata baada ya miaka tisa ya kustaafu anajipangusa vidole kabla ya kukupa mkono. Kila Jumamosi anakuja kunyolewa ndevu. Tukapatana: mimi namnyoa, yeye ananisahihisha.

Jumamosi ya kwanza nilimsomea uchambuzi wangu wa hadithi ya mwenye nyumba mmoja. Mhusika huyo anasema "mimi sipendi sifa," kisha anasimulia mema yote aliyowatendea wapangaji wake. Nikaandika: mhusika huyu ni mnyenyekevu.

"Mnyenyekevu!" Chaki akaruka kitini, povu likamwingia sikioni. "Mtu amejitaja jina mara kumi na moja ukurasa mmoja!"

"Lakini Mwalimu, si amesema mwenyewe hapendi sifa?"

"Na wewe ukamwamini?"

Dada, nilimwamini. Ndiyo kazi yangu. Mteja akikaa pale akaniambia kipara chake ni mwanga wa taa tu, namjibu kweli kabisa, taa hii ni kali mno. Akisema mkewe ndiye mkorofi, ni mkorofi. Mwezi ujao mke akimleta mtoto na kusema mkorofi ni baba yake, ni baba yake. Mwenye wembe habishani na mwenye shingo. Miaka ishirini na saba nimekubali kila neno lililosemwa kwenye kiti kile, na nilipofungua kitabu nikawakubalia wahusika wote vilevile. Mwongo akisema yeye mkweli, naandika mkweli. Mwoga akijiita simba, naandika shujaa, na mfano natoa.

"Ndiyo maana unaanguka, Fundi," Chaki akasema. "Unawanyoa wahusika. Wachunguze! Huyu anasema nini, na hapo hapo anafanya nini? Maneno yakienda kulia na matendo yakienda kushoto, hapo katikati ndipo penye kinaya."

Basi saluni ikageuka darasa. Wateja walibishana kuhusu mwenye nyumba yule kana kwamba wanamlipa kodi. Fundi baiskeli wa jirani aliapa kwamba ni mtu mwema aliyeponzwa na mwandishi. Dereva wa lori akamjibu, "We unamtetea kwa sababu mnafanana." Mimi nikaanza kuona tashbihi kila mahali, na takriri katika maneno ya Mama anaponiita mara tatu. Mizani nilijifunza kwa mkasi, silabi moja pigo moja, nane na nane. Fundi baiskeli alitoka na upande wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, maana ubeti nilioukariri wakati namnyoa ulikuwa na mshororo uliopungukiwa mizani. Hakufurahi, ila alikiri kwamba amejifunza.

Nyumbani mama watoto hakuniacha. "Jana uliniambia nimependeza," akasema. "Hebu chambua." Nikaomba muda wa ziada, akaninyima.

Matokeo yalipotoka, mkuu wa chuo alinipigia simu mwenyewe. Naanza Jumatatu ijayo, Dada! Chaki alikuja na tai, akatangaza mbele ya wateja kwamba mwanafunzi wake amekiona kinaya cha shairi la mtihani kwa mtazamo wa kwanza, kama mwewe aonavyo kifaranga. Nikapigiwa makofi. Mimi sipendi sifa, lakini niliwaacha wakapiga hadi wakachoka.

Nisalimie shemeji, mwambie deni la ubishi wetu wa mpira bado lipo. Wasalimie wapwa wote, wakubwa kwa wadogo. Mama watoto anamsalimu wifi yake kwa mikono miwili, na baba mdogo anauliza kama huko mnamkumbuka.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wewe si mteja, na ninaona haya kukuacha na hadithi ya mwewe na kifaranga. Sikukiona kwa mtazamo wa kwanza. Ilikuwa hivi.

Shairi lilikuwa la mama anayemwambia mwanawe anayesafiri:

Nenda zako usirudi, nimechoka na kelele,
Usibishe tena hodi, nitalala raha tele,
Shika shuka la baridi, na kitana chako kile,
Nenda, mimi nafurahi, wala silii milele.

Swali: eleza hisia za nafsineni, yaani huyo anayesema ndani ya shairi. Nikaandika ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri, kwamba mama huyu amemchoka mwanawe na anafurahi kumwona akiondoka. Nikampongeza hata kwa kusema ukweli. Jumamosi zote zile za Chaki, na bado nikamkubalia mteja.

Zilibaki dakika ishirini. Nilikuwa napitia kazi yangu nikafika kwenye shuka. Nikajiuliza, mtu aliyechoka nawe anakufungashia shuka la nini? Na hapo ukanijia wewe, asubuhi ile ya kuondoka kwako. Mama amesimama mezani akipiga pasi gauni lako la bluu mara ya tatu, anasema, "Afadhali uende, sasa nitapata kabati lote." Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku, Dada. Alikuwa anapiga pasi ya baridi.

Nikakata ukurasa wote kwa mstari mmoja, nikaandika upya, na nadhani kuna mahali wino umelowa. B yangu ilitoka hapo. Chaki hajui, na wewe usimwambie.

Kuna kingine. Ulipofika huko, miaka ishirini na miwili iliyopita, barua yako ya kwanza iliniuliza: "Mama amefurahi na kabati lake?" Nilijua ulikuwa unauliza nini. Nikakujibu kikinyozi: ndiyo, amefurahi sana. Tangu hapo simu zako kwa Mama zimekuwa fupi, na zake kwako fupi zaidi, na mimi katikati nawakubalia wote wawili.

Siku ya mtihani nilitoka chumba cha mtihani moja kwa moja hadi kwa Mama, nikalifungua kabati. Nguo zake zimebanana upande mmoja hadi mlango haufungi vizuri. Upande wako hamna kitu, na umefutwa vumbi. Nikamuuliza mbona hatumii nafasi yote. "Sina nguo za kutosha," akasema, huku anausukuma mlango kwa nyonga ujifunge.

Kama na wewe uliandika ukurasa wa kwanza kama wangu, Dada, ukate. Muda bado upo.

Mungu akulinde na baridi hiyo, na akurahisishie njia.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye toka moyoni,
Kinyozi.