Jina Nililowapa Wajomba

Kaka Lemi,

Walikuua kwa magogo ya daraja ulilowatengenezea. Naanza hapo hapo, maana wewe hukupenda mtu anayezunguka. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, jua kali, na waliokupiga walikuwa watu unaowajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Nilipofika kutoka Arua na pikipiki ulikuwa umelala kifudifudi ukingoni mwa kijito, na bado walikuwa wanapiga. Walikuwa wanapiga mtu ambaye hasikii tena. Niliwahesabu. Saba. Watano kati yao walisimama nyuma yako siku tuliyochagua mwenyekiti wa kijiji, pale uwanja wa shule, kila mtu akipanga mstari nyuma ya anayemtaka, tukahesabu migongo: mia moja arobaini na tatu nyuma yako, tisini na sita nyuma ya mpinzani wako. Nilitembea ule mstari mara mbili nikiwagusa mabega. Mabega yale yale, kaka. Mikono ile ile.

Unajua mwenyewe ilivyokuwa, ila acha niseme, maana tangu ufe kila mtu anaisema vibaya. Daraja la Lurujo lilikatika misimu miwili ya mvua iliyopita. Wilaya iko mikononi mwa chama kimoja, mbunge ni wa chama kingine. Mwenyekiti wa wilaya alisema redioni kwamba mbunge ndiye anayezuia barabara huko Kampala. Wiki iliyofuata mbunge akasema, redio ile ile, kwamba greda imelala katika yadi ya wilaya na gurudumu halina upepo. Wote wawili walisema kweli. Hapo ndipo ubaya ulipo. Watu wakabaki na hasira isiyo na pa kutua. Na wewe, mwenyekiti wa kijiji, usiye na chama, usiye na hata toroli, ukachukua jembe.

Nilikukataza. "Usiguse kitu cha wakubwa." Ukacheka. "Duku, watu wanavuka na watoto mgongoni. Nikae nawaangalia?" Ukakata mikaratusi kumi na minne, mkailaza na vijana wa kijiji siku tatu. Nilipoona hukataziki, nikafanya kosa ambalo sisi hapa tunalipenda sana. Nikasema kazi isiyo na jina huliwa na wengine. Nikakata bamba la chuma karakana kwangu, nikachomelea herufi moja moja: DARAJA LA MWENYEKITI LEMI. Wewe hukulitaka. Nililisimamisha mwenyewe, kwa saruji, nikiwaza kura zako za mbele.

Mvua ikalainisha ukingo. Jumamosi gari la wachuuzi wa soko la Oraba likapita limejaa, magogo yakateleza. Wamama watatu walikufa majini na magunia yao ya muhogo juu yao. Kwa siku mbili watu waliuliza, "Nani alaumiwe?" Mwenyekiti wa wilaya yuko Koboko mjini na askari getini. Mbunge yuko Kampala. Wewe ulikuwa pale pale kijitoni, umevua viatu, unatafuta mwili wa tatu. Mmoja akagonga bamba langu kwa jiwe. Wanaosimulia wanasema alipiga kelele, "Jina yake iko hapa! Soma! Kama daraja ni yake, mutu ni huyu!"

Mimi ndiye niliyekuandikia hukumu, kaka. Nilidhani naandika sifa.

Sasa nikuambie usiyoyajua.

Mwenyekiti wa wilaya na mbunge wote wawili walikuja msibani. Walisimama kwa zamu kando ya jeneza lako, mmoja akamtupia mwenzake lawama, mwenzake akamrudishia, kama watu wanaochezea mpira juu ya maiti. Nilitamani kuwachomelea midomo. Nakuambia kweli, niliwaza hata unene wa waya.

Halafu wajomba wakafika. Unajua desturi: kaburi halichimbwi mpaka wajomba waulize mtoto wa dada yao amekufaje, na wajibiwe. Walikaa barabarani, panga magotini. Mjomba mkubwa akaniita, "Wewe msomi wa hesabu, njoo. Nani amemuua mtoto wetu?" Nikaanza kueleza. Nikasema greda, nikasema redio, nikasema wale saba, nikasema bamba. Akanikatiza. "Sikuomba hotuba. Taja mutu."

Nilijua hesabu ile haina jibu moja. Wilaya ina sehemu yake, mbunge ana sehemu yake, wale saba wana sehemu kubwa, na mimi nina yangu. Lakini wajomba hawakutaka sehemu. Na wewe ulikuwa umelala kwenye jua siku ya pili, nzi wameanza. Nikataja mwenyekiti wa wilaya. Kwa nini yeye? Kwa sababu hotuba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho, bado inaniwasha masikioni. Hiyo tu.

Kaburi likachimbwa. Ulizikwa vizuri, mama aliimba mpaka sauti ikakatika.

Siku ya tatu wajomba wakaenda kumtafuta yule niliyemtaja. Hawakumfikia, ana askari. Wakaenda Midia, kwa shangazi yake, bibi anayeishi peke yake na mbuzi sita. Ilikuwa mchana, watu wakiona. Waliwakata mbuzi wote sita miguu, wakawaacha wanalia uani. Wakawasha paa. Bibi aliposhika mlango asitolewe nje, wakaukata mkono wake pale pale kwenye mlango. Mimi nilikuwa nimesimama njiani. Sikushika panga. Sikusema acheni.

Juzi nilikwenda kumwona hospitali Arua. Sijui nilitaka nini. Nilikaa kwenye benchi, nikamwambia mimi ni ndugu wa Lemi. Akaniangalia, mkono uliobaki juu ya shuka. Akasema, "Pole kwa ndugu yako, mwanangu." Halafu akasema, "Mimi yule kijana wa kaka yangu sikumpigia kura. Nilijua hafai."

Kaka, nilitoka nje nikaanza kuhesabu.

Ulinifundisha kuhesabu kwa majani ya tumbaku, tukiwa wadogo, ukipanga makumi makumi kwenye kamba. Nimejenga karakana kwa hesabu hizo, sikupewa na mtu. Lakini hasira yangu nimeihesabu kama wale saba walivyoihesabu: nikampa yule ambaye mkono unamfikia. Wewe ulikuwa karibu. Bibi alikuwa karibu.

Kwa hiyo kesho asubuhi naenda polisi Koboko. Nitawataja wale saba, mmoja mmoja. Kisha nitamtaja mjomba mkubwa, na yule aliyeukata mkono wa bibi. Kisha nitajitaja mimi, kwamba jina lilitoka kinywani mwangu. Mama hajui. Wajomba wakisikia hawataniita tena mtoto wa dada yao, na huenda nisirudi nyumbani kwa muda mrefu.

Naahidi sitamwacha hata mmoja, na sitampunguzia mtu, hata mimi. Nikifungwa, kaburi lako halitakuwa na wa kulipalilia, na mvua iko njiani. Lala, kaka. Nisamehe magugu.

Mdogo wako,
Duku