Mirbaz Khan, Uliyetuongoza Kwenda Kabul na Kuturudisha

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke alfajiri ile ya baridi. Mama bado anakuwekea kikombe cha chai karibu na jiko. Hatumkatazi.

Ulikuwa mkulima wa miwa. Hukuweza kupita shamba la mtu bila kung'oa magugu mawili matatu. Mfukoni ulikuwa na sukari guru ya watoto, ingawa nyingi uliila mwenyewe.

Majira yale ya joto, masheikh walipotangaza kwamba Mwingereza amemdhalilisha Khalifa wa Waislamu kule Uturuki na kwamba ni heri Waislamu waihame nchi anayoitawala, uliuza shamba na ng'ombe. "Kabul kwa Waislamu wenzetu si mbali," ulisema, na nusu ya kijiji ikafunga mizigo kwa kukuamini. Tulivuka njia ya milimani ya Khyber tukimsifu Mungu. Ng'ambo hapakuwa na maji wala kivuli, na Amiri, mtawala wa Afghanistan, alikuwa ameshafunga njia. Mdogo wetu Palwasha tulimzika kando ya barabara.

Kesho yake kila mwanamume aliogopa kuwa wa kwanza kutamka neno la kurudi. Ukasimama wewe.

"Ndugu zangu, mimi ndiye niliyewatoa majumbani. Turudini. Aibu niachieni mimi."

Mzee Torsam akafoka, "Mirbaz! Unamkimbia Mungu?"

"Mungu yuko hata kule tulikotoka, mzee. Na maji yapo huko."

Miguu ya mzee ilikuwa imevimba, ukambeba mgongoni. Njia nzima alikutukana: "Polepole, mwoga wee, unanitikisa!"

Shamba tulilikuta lina mwenyewe. Ukawa kibarua humo humo, ukilipalilia kama bado lako. Barazani walikuita Muhajiri Nusu Njia, yaani mhamaji wa dini aliyeishia njiani. Ulicheka, ukawamiminia chai. Lakini Mwingereza hukumwinamia. Ofisa wa wilaya alipopita na watu wakaamriwa kusimama, ulibaki umekaa, ukasema mgongo unauma.

Wiki yako ya mwisho Mama alikuuliza jambo ambalo hakuwahi kuligusa: "Baba Zarghun, unajuta?"

Ukamshika mkono. "Kwenda, namlilia Palwasha kila siku. Kurudi, sijuti hata chembe."

Unakumbukwa na mkeo Gulmina. Wanao Zarghun, Spogmai na Taj Mir. Ukoo wa marehemu Mzee Torsam. Na watoto wote wa kijiji waliozaliwa baada ya safari ile, ambao wasingezaliwa kama usingeturudisha.

Maadamu tungali hai, Baba, jina lako halitatutoka mdomoni.