Nilimwandalia Baba Mkwe Angus, Akashindwa Kuitafuna

Mpendwa Mama Jepchirchir, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu hapa Plano, Texas, sina mwingine wa kuniambia ukweli, mimi ni Mkalenjin, nimekulia kwenye ng'ombe, hata kwa mbali nitakuambia huyu ni Ayrshire na yule ni Boran, basi babake mchumba wangu Naserian alipokuja kutoka Kajiado kutuona kabla ya kukubali harusi, nikasema nitamwandalia kidari, ile nyama watu wa hapa wanaiita brisket, na dukani nikaona pakiti imeandikwa Angus kwa herufi kubwa, Naserian akaniambia, "Kiprop, si uulize huyo butcher hii Select hapa chini ina-mean nini?" nikamjibu, "Mimi niulize mtu wa apron mambo ya ng'ombe?" nikaichoma kwa makaa makali kwa muda wa saa moja kama tunavyochoma mbuzi, mzee akatafuna, akatafuna, akaitoa mdomoni, akauliza, "Huyu ng'ombe alikufa kwa ugonjwa?" Kwa aibu nikasema Naserian ndiye aliyenunua na kupika. Jumamosi mzee anakula kwangu tena kabla ya kusafiri. Je, ninunue Wagyu, ndiyo gredi ya juu kabisa? Naserian pia hapokei simu zangu.

Kiprop, Plano

Kiprop, mimi pia nimekamua ng'ombe huko Bomet na sioni haya kumuuliza mwenye duka. Angus ni aina ya ng'ombe, na mara nyingi kinachoangaliwa ni kama ngozi yake ilikuwa nyeusi. Wagyu nayo ni aina, na hapa Texas mara nyingi utauziwa chotara. Gredi ni lile neno dogo ulilolidharau. Mpimaji wa serikali hutazama hasa mafuta yaliyotapakaa ndani ya nyama: Prime ndiyo ya juu, Choice inafuata, kisha hiyo Select yako, ambayo humshinda hata mpishi mzuri, sembuse wewe na makaa yako. Na hata Prime, kwa saa moja, ingemng'oa mzee meno.

Lakini si nyama iliyonikasirisha. Umenijazia ukurasa kwa habari za ng'ombe, mchumba wako ukamtupia mstari mmoja mwishoni. Alikuonya dukani ukampuuza, kisha akanyamaza mbele ya babake akibeba uongo wako. Halafu unashangaa hapokei simu? Huna hata haya!

Nunua Choice, kidari kizima, usiyaondoe mafuta ya juu. Moto mdogo, kwa muda wa saa kumi au zaidi, mpaka uma uingie bila kusukumwa. Lakini leo, kabla ya kwenda dukani, nenda kwa mzee umwambie, Naserian akiwa anasikia: "Mimi ndiye niliyenunua, mimi ndiye niliyepika, na nilimsingizia binti yako." Usianze kumweleza habari za Angus. Useme hayo, uombe msamaha, unyamaze. Naserian akiniandikia leo kuniuliza kama aolewe nawe, nitamwambia hapana.