Kifaru Aliyepewa Jina Langu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya ishirini ya ndoa. Siku ya nane bila yeye! Foronya yake bado ina harufu ya nywele zake. Nimekataa kuifua, mama mkwe ananicheka.

Na leo — leo! Saa mbili asubuhi doria ilipiga redio kama kawaida. Mang Sarkim, mzee wetu wa redio, alikuwa mezani kwake, mimi kwenye kompyuta ya picha. Nikasikia sauti ya Kang Darsa, mume wangu, inakwaruza kutoka porini.

Akasema, "Mwambie Neng Imas, boti ikileta kadi za kamera, afungue namba nane kwanza. Nimeichungulia huku, kuna jike simjui. Kamera ile niliifunga mimi mtini, kwa hiyo jina nachagua mimi. Ataitwa Imas."

Imas! Mimi!

Mang Sarkim akabonyeza kitufe: "Darsa, wenzako hununua pete. Wewe unampa mkeo kifaru?"

"Pete anayo, Mang!"

"Haya. Redio ya doria hii, si ya mahaba. Mwisho."

Doria nzima ilikuwa inacheka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nimefurahi hata chakula hakishuki.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwona. Lo, jamani, uzuri gani ule!

Anatoka kwenye mahenzirani polepole, kama bibi mwenye shamba lake. Ngozi imekunjana mabegani kama sketi nzito. Tope limemkauka mgongoni, mdomo wa juu umechongoka, unalipapasa jani kabla ya kulivuta. Anatembea na mwili mzito vile — wala hasikiki! Majike wa kwetu hapa hifadhini Ujung Kulon hawana pembe ya maana, lakini huyu anahitaji pembe ya nini? Video ya sekunde arobaini. Nimeirudia mara sita.

Amepita akionyesha upande wa kulia tu. Ibu Ratih, mkuu wetu, alihesabu mikunjo chini ya jicho, akalinganisha na kila shavu la kulia lililomo kwenye mafaili. Hakuna anayefanana naye. Alisema Ijumaa ataandikwa kwenye orodha.

Halafu akasema Ijumaa hiyohiyo jina moja litafutwa. Miaka mitatu bila picha wala unyayo, tunamhesabu amekufa. Ni Onah.

Mang Sarkim ndiye aliyempa Onah jina, zamani, akiwa bado anatembea doria. Ni jina la mkewe. Mkewe alikuwa hai wakati huo, alikuwa akija ofisini kuulizia "mwenzangu yuko wapi mwezi huu?" Sasa ni marehemu.

Mang akajibu, "Sawa, Ibu. Kanuni ni kanuni." Akamimina chai. Hakuinywa.

Jumatano, 5 Juni

Sekunde ya ishirini na saba.

Wengine wakishahesabu mikunjo hufunga. Mimi huangalia mpaka mkia uishie majanini, kwa sababu ni wangu. Na pale, sekunde ya ishirini na saba, nzi anamsumbua, anatupa kichwa — na sikio la kushoto linaonekana. Mara moja, basi. Lina pengo.

Nikafungua faili la Onah. Picha nne, zote za upande wa kushoto. Hakuna aliyewahi kumpata kulia! Sikio lina pengo palepale.

Labda ni tope. Labda ni jani.

Kifaru hana majina mawili. La kwanza ndilo lake.

Mang Sarkim aliniuliza, "Imas wako hajambo leo?" Nikasema hajambo. Nikafunga kompyuta.

Aibu yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Amerudi! Ana ndevu, ana mikwaruzo ya miiba, amekonda — na bado ni mzuri kuliko wanaume wote gatini. Nilimpikia jengkol, zile mbegu zinazonuka anazozipenda. Akala sahani tatu, akasema nyumba ikinuka hivi ndiyo nyumba. Na aliniletea unyoya wa tausi ndani ya daftari la doria, haukukunjika hata kidogo!

Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia yote: nzi, sikio, pengo.

Akaisukuma sahani kando. Kifaru huyo ndiye mpya wa kwanza aliyempata yeye tangu aanze kazi. Ameshawaambia wenzake wote, ameshamwambia na mama yake.

Kisha akasema, "Kwa hiyo, Neng, nimekupa zawadi ya mke wa mtu?"

Nikacheka huku nalia. Yeye hakucheka sana. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema sina. Akauliza mbona basi nimesema.

Nikamwambia kuhusu ile chai.

Akavaa sandali zake, akazivua. Akasema kesho, kabla Ibu Ratih hajafika.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa dirishani kwenye chumba cha redio, haraka. Kang Darsa ameshika kipanya, Mang Sarkim amekaa kwenye kiti changu.

Kang hakumweleza kitu. Alisema tu, "Mang, tazama sikio."

Mara ya kwanza Mang alisema, "Tope hilo."

Mara ya pili alisogeza kiti karibu na kioo.

Mara ya tatu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Akasema, "Mbona amenenepa?"

Kang akanitazama mimi. Sijui macho yangu yalikuwaje, maana alinyoosha mkono wake wa pili nyuma bila kukiacha kipanya, nikaushika. Bado nimeushika. Naandika vibaya!

Pikipiki ya Ibu Ratih imeingia langoni. Orodha anayo kwenye mkoba. Sekunde moja ya sikio — atakubali?

Saa mbili kamili. Redio inaita, ni doria nyingine: "Mang Sarkim, Mang Sarkim, unanipata?" Tangu niingie ofisi hii sijawahi kuisikia ikiita mara mbili. Sasa ni mara ya nne.

"Irudishe, Darsa," anasema Mang. "Pale anapogeuka."