Wale Thelathini wa Bustani Yako

Dada Zaituni,

Salamu kwako huko uliko, ambako nadhani hakuna magugu. Ni mimi mdogo wako Abdalla, ambaye bustani nzima inaniita Anko. Nimekaa kwenye benchi letu hapa Bukoto, mgongo unauma, na wa kumlalamikia sina ila wewe.

Tumechoka, Dada. Tangu tukuzike, kikundi chako cha kujitolea kimeyeyuka kama sabuni ya msikitini. Jumamosi tunabaki watatu: mimi, Hajji Juma anayepumua kwa shida, na Mama Apiyo, yule mjane wa polisi kutoka Nsambya. Makaloli, yale makorongo makubwa ya jalalani, yanakunya juu ya mabenchi, tunasugua, yanakunya tena. Nyasi ndizo usiseme.

Unakumbuka enzi zako? Wewe mbele na slasha ya kufyekea, watu nyuma yako, mimi katikati nawasimulia lile kaloli lililonibeba juujuu kutoka Bukoto mpaka Lubaga, likanitua kwenye paa la kanisa, mimi Mwislamu! Ulikuwa ukisema, "Mwacheni aseme, mkicheka hamtasikia jua." Kweli hawakulisikia. Sasa nikishika slasha, pumzi ya kusimulia sina. Nikisimulia, hakuna wa kufyeka.

Halafu akaja bwana mmoja wa ofisi za mji, kijana wa tai. Akasema sehemu yetu ikikosa watunzaji itamwagwa lami, magari yaegeshwe. Mawaridi yako, Dada, chini ya magari! Unanijua, kwa maneno sishindwi. Nikamwambia, "Ssebo, sisi hapa ni watu thelathini, tena wenye nguvu." Akasema vizuri, Jumamosi atakuja kuwaona.

Wallahi sikudanganya. Niliwahesabu wote, waliohama, waliougua, waliotuchoka. Na wewe nilikuhesabu. Wewe nilikuhesabu wa kwanza.

Jumamosi akaja kweli. Akatukuta watatu, tumeinama. "Mzee, thelathini wako wapi?" Dada, nilitafuta neno, likanijia jina lako tu, nikalimeza.

Ndipo Mama Apiyo akasimama. Yule yule ambaye nikiongeza chumvi kidogo tu huguna na kushika rozari yake. Akafuta mikono kwenye leso, akamtazama yule bwana usoni, akasema, "Wamekwenda kunywa chai. Watarudi."

Bwana akatutazama. Akayatazama mawaridi. Akasema atapita tena mvua zikiisha, na safari hiyo asiambiwe habari za chai.

Alipoondoka, Mama Apiyo akanigeukia. "Anko, mimi nimeshatenda dhambi kwa ajili yako. Sasa nenda kawatafute hao watu." Hajji akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Basi nakwenda. Magoti hayataki, lakini kesho naanza na zile ghorofa za Bukoto, mlango kwa mlango, kisha nyumba za polisi kule Nsambya. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Mungu akunawirishie kaburi, Dada yangu, akupumzishe, maana ulifanya kazi.

Nitakachowaambia ni hiki: dada yangu alipanda mawaridi pale, na mimi peke yangu siwezi. Neno hilo, siwezi, wewe hukuwahi kulisikia kinywani mwangu hata siku moja. Wakifungua mlango, ndilo nitakaloanza nalo.

Mdogo wako,
Abdalla